Jinsi ya kuchoma video kwenye DVD mpaka ikubali kwenye deki ya nyumbani (mwongozo kamili)

Swali hili limerudi mara nyingi mno na karibu kila anayeuliza amekwama palepale. Video imechomwa kwenye diski, kwenye laptopu inacheza safi kabisa, ukiipeleka sebuleni kwenye deki inazunguka weee halafu inaandika "No Disc" au "Bad Disc". Mtu anarudi dukani ananunua diski nyingine, anachoma vilevile kama mwanzo, inagoma tena, mpaka boksi zima linaisha na deki bado haijaonyesha hata sekunde moja.

Nalijua hili kwa sababu limenitokea. Nilituma DVD ya send-off ya mdogo wangu kwa basi kwenda kwa mama Njombe, mama akaita majirani waje kuangalia, wamekaa, diski imeingia, deki imekataa. Akanipigia, "mwanangu, hii CD uliyotuma haina kitu." Ilikuwa na kila kitu, ila nilikuwa nimeweka faili la MP4 tu kwenye diski kama unavyoweka kwenye flashi. Iliniuma sana, na ndo maana nimekaa nikaandika hii hatua kwa hatua ili isimtokee mzazi wa mtu mwingine.

## Kosa liko wapi hasa

Kuna kazi tatu hapa na wengi wanafanya moja tu, ile ya mwisho.

Ya kwanza ni kuibadilisha video iwe kwenye fomati ambayo deki inaijua, yaani MPEG-2. Video ya simu yako ni H.264 au H.265, na deki nyingi za kawaida hazina uwezo wa kusoma hizo, haijalishi umechoma vizuri kiasi gani.

Ya pili ni kuipanga hiyo video ndani ya folda maalumu inayoitwa VIDEO_TS, yenye mafaili ya VOB (picha na sauti zenyewe), IFO (maelekezo ya deki ianzie wapi) na BUP (nakala ya hayo maelekezo). Deki ikiingiziwa DVD inaenda moja kwa moja kutafuta hiyo folda, isipoikuta ndo hapo inasema hamna diski.

Ya tatu ndo kuchoma, au kubani kama wengine tunavyosema.

Kubadilisha jina la faili kutoka .mp4 kwenda .vob hakusaidii chochote. Kuna watu wanafanya hivyo na nawaomba waache, ndani bado ni MP4 ileile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kompyuta yenye nafasi. Acha wazi angalau GB 15 kwenye hadi diski (hard disk), maana kuna mafaili ya muda yanatengenezwa katikati ya kazi na wengi wanashangaa programu inakata asilimia 80 kumbe nafasi imejaa.

Draivu ya kuchoma DVD. Laptopu nyingi za sasa hazina, utahitaji ile ya nje ya USB. Angalia imeandikwa inaweza kuandika DVD, sio kusoma tu, na zipo za zamani zinachoma CD lakini DVD zinasoma tu.

Diski tupu aina ya DVD-R. Hapa nisikilize vizuri. Chukua DVD-R ya GB 4.7, yenye alama ya kutoa. DVD+R nayo inakubali kwenye deki nyingi lakini kwa deki za zamani kabisa DVD-R ndo salama zaidi. Usichukue CD-R, ile ni MB 700 na sio DVD hata kama muuzaji anaziita zote CD. Usichukue DVD-RW kwa kazi ya kumpelekea mtu, kwa sababu uso wake unarudisha mwanga kidogo kuliko DVD-R, na lenzi ya deki iliyochoka inashindwa kuuona. DVD-RW moja nunua ya kufanyia majaribio wewe mwenyewe, kwa vile inafutika.

Bei rahisi mno ni hatari. Nimeshanunua mzigo wa diski zisizo na jina lolote, katika kumi, nne ziligoma na zilizobaki baada ya miezi michache zikaanza kuganda. Jina linalojulikana kama Verbatim linagharimu zaidi ila hurudii kazi.

Programu nne, zote za bure: DVDStyler (ya kubadilisha na kupanga), ImgBurn (ya kuchoma, ni ya Windows), VLC (ya kujaribia) na HandBrake (utaihitaji kama video ni za simu). Daunlodi kwenye tovuti zao zenyewe, na wakati wa kuinstoli usiwe unabonyeza "Next" harakaharaka, soma kila ukurasa, maana mafaili ya kuinstoli programu za bure mara nyingine yanakuja na vitu vya ziada usivyovitaka, toa tiki zote usizozielewa.

Umeme wa uhakika. Laptopu yenye betri linalokaa, au siku ambayo umeme umetulia. Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, DVD-R hiyo umeipoteza, haichomeki mara ya pili.

Na marker ya kuandikia juu ya CD, sio kalamu ya wino wa kawaida.

## Hatua ya 1: Kusanya video na ujue urefu wake

Weka video zote kwenye folda moja, zipe majina kwa namba, 01 kanisani, 02 ukumbini, 03 zawadi. Halafu jumlisha dakika.

Watu wengi wanaangalia ukubwa wa faili, wanasema "video yangu ni GB 2 kwa hiyo itaingia mbili." Hapana. Ukibadilisha kwenda MPEG-2 ukubwa wa mwanzo hauna maana tena, kinachoamua ni dakika. Diski ni ileile GB 4.7, kwa hiyo dakika zikiongezeka kila sekunde inapata data kidogo na picha inazidi kuharibika.

Kwa makadirio:

- dakika 60: unaweza kwenda hadi megabiti 8 kwa sekunde, picha nzuri kabisa
- dakika 90: kama 6.5, bado nzuri
- dakika 120: kama 5, inaridhisha
- dakika 180: kama 3.3, hapa watu wakianza kucheza muziki ukumbini unaona vijiboksi vijiboksi

Msimamo wangu ni masaa mawili mwisho kwa diski moja. Harusi ya masaa manne igawe diski mbili, usiibane. Mzazi anataka kuona sura ya mtoto wake, sio ukungu.

Jambo lingine, diski imeandikwa 4.7 lakini Windows itakuonyesha 4.37. Hujaibiwa, ni namna mbili tofauti za kuhesabu. Na usiijaze mpaka mwisho, baki kwenye 4.2 hivi, kwa sababu diski inaandikwa kutoka katikati kwenda nje na ule ukingo wa nje ndo wenye makosa mengi zaidi.

Hatua hii imekamilika ukiwa na orodha ya video kwa mpangilio na unajua jumla ya dakika kwa kila diski.

## Hatua ya 2: Safisha video za simu kwanza

Kama video zimetoka kwenye kamera ya kawaida ya mpiga picha ruka hatua hii. Kama ni za simu usiruke, hapa ndo panapotoka lile tatizo la mdomo unasema saa hii na sauti inakuja baadaye.

Sababu yake ni kwamba simu haipigi picha kwa kasi moja. Kukiwa na giza inapunguza idadi ya picha kwa sekunde, kukiwa na mwanga inaongeza. DVD inataka kasi isiyobadilika, picha 25 kila sekunde kwa PAL, mfumo wa picha wa TV za kwetu. Programu ikijaribu kulazimisha, sauti na picha zinaanza kuachana taratibu, dakika ya 5 huoni kitu, dakika ya 40 mchungaji anaonekana kafunga mdomo huku anahubiri.

Fanya hivi:

1. Fungua HandBrake, vutia video ndani.
2. Nenda sehemu ya "Video", kwenye "Framerate" weka 25, chini yake chagua "Constant Framerate".
3. Kwenye ubora weka RF 18, ili usipoteze picha kabla hata hujafika kwenye DVD.
4. Bonyeza "Start Encode", subiri.

Video iliyopigwa simu ikiwa wima itatokea na weusi mkubwa kushoto na kulia, hiyo iache ilivyo. Kuivuta ijaze skrini kunafanya watu wawe wanene na wafupi, haipendezi. Na video iliyokuja kwa WhatsApp ujue tayari imeshabanwa, DVD haitairudishia ubora, kwa hiyo kama unaweza muombe aliyepiga akupe faili lenyewe kwa flashi au kwa memori kadi.

Umefanikiwa kama ukiicheza hiyo MP4 mpya kwenye VLC, ukaruka mpaka dakika ya mwisho, mdomo na sauti bado vinaenda pamoja. Angalia mwisho, sio mwanzo.

## Hatua ya 3: Tengeneza DVD yenyewe kwenye DVDStyler

Fungua DVDStyler. Inakuletea dirisha la mradi mpya, na hapa setingi tano tu ndo za kujali:

Ukubwa wa diski: DVD 4.7 GB.

Ubora wa video: acha "Auto", inapiga hesabu yenyewe kutokana na dakika zako.

Mfumo: PAL. Tanzania, Kenya na Uganda TV zetu ni za PAL, picha za 720 kwa 576. Ukichagua NTSC (ya Marekani, 720 kwa 480) deki nyingi zitaisoma lakini kwenye TV ya zamani ya kichogo unaweza kupata picha nyeusi na nyeupe au picha inayopanda juu bila kutulia. Kama diski inaenda kwa ndugu aliyeko Marekani au Kanada, hapo ndo chagua NTSC, na kule kwenye hatua ya 2 weka 29.97 badala ya 25.

Umbo la picha: 16:9 kama video ni pana (karibu zote za siku hizi), 4:3 kama ni za kanda za zamani. Ukikosea hapa watu wanarefuka kama milingoti.

Sauti: AC3 48 kHz. Kila deki inaijua.

Baada ya hapo inakuomba uchague muundo wa menyu, ule ukurasa wa mwanzo wenye vitufe. Sasa kabla hujachagua fikiria nani anaenda kuangalia.

Kama ni mtu mzima kijijini, usiweke menyu. Nasema hivi kwa uzoefu, remoti ya deki ilishapotea zamani au betri zimeisha, na vitufe vya mbele ya deki mara nyingi ni kufungua, kucheza na kusimamisha tu, hakuna vishale vya kuchagulia. Diski ikiwa na menyu nzuri yenye maua na muziki, bibi anaishia palepale kwenye maua, muziki unajirudia na harusi haianzi. Diski isiyo na menyu ukiiingiza inaanza yenyewe. Kuondoa menyu, ibonyeze kitufe cha kulia cha mausi kwenye ule ukanda wa chini, ifute.

Sasa vuta video zako uziweke kwenye huo ukanda wa chini kwa mpangilio ule wa namba. Chini kabisa kuna mstari unaonyesha dakika zilizotumika, usiache uvuke.

Kuna jambo moja dogo ambalo linaangusha wengi walioondoa menyu. Kila video kwenye ukanda ni "title" yake, na ikimalizika deki inatafuta menyu, menyu hamna, inasimama. Kwa hiyo bonyeza mara mbili video ya kwanza, kwenye "Post command" chagua "jump title 2;", video ya pili weka "jump title 3;", na ya mwisho weka "exit;". Ukishafanya hivyo zinafuatana zenyewe mpaka mwisho.

Kama umeweka menyu na maandishi, usiyaweke pembeni sana. TV za kichogo zinakata kingo za picha, majina ya bwana na bibi harusi yanaweza kubaki nusu. Acha nafasi ya kutosha kila upande, kama sehemu moja ya kumi.

## Hatua ya 4: Toa ISO, usichome bado

Bonyeza "Burn" kwenye DVDStyler, ila usichague kuchoma moja kwa moja, chagua "create iso image". Inakutengenezea faili moja kubwa la .iso ambalo ndo DVD yako nzima ikiwa bado kwenye kompyuta.

Kwanini nasisitiza hivi? Kwa sababu ukichoma moja kwa moja na kuna kosa, umepoteza diski. ISO haigharimu kitu, unaijaribu kwanza, ikiwa na kasoro unarekebisha. Na ukihitaji nakala kumi unachoma ISO ileile mara kumi bila kusubiri kubadilisha upya.

Hii ndo hatua ndefu kuliko zote. Kwenye laptopu ya kawaida inaweza kuchukua muda sawa na video yenyewe au zaidi. Chomeka chaja, zima ile setingi ya kompyuta kulala, iache ifanye kazi.

Kompyuta ikiwa dhaifu mno mpaka DVDStyler inakwama, kuna njia nyingine, FFmpeg. Haina vitufe, unaandika amri tu:

`ffmpeg -i harusi.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 harusi.mpg`

Hiyo inatoa faili la .mpg ambalo tayari liko kwenye vipimo vya DVD, ukilivuta DVDStyler haina haja ya kulibadilisha tena, inalipanga tu. Kwa amri hiyo kama ilivyo diski moja inabeba kama saa moja na nusu.

Kisha fungua hiyo ISO kwa VLC. Angalia mambo manne: inaanza yenyewe? Sauti iko sawa mpaka mwisho? Watu wana umbo lao la kawaida? Video ya pili inafuata ya kwanza? Zote zikiwa sawa, endelea. Moja ikikataa, rudi hatua ya 3, diski bado iko kwenye kasha lake na hujapoteza hata shilingi.

## Hatua ya 5: Choma kwa ImgBurn

Chomeka draivu ya nje moja kwa moja kwenye laptopu, sio kwenye ile habu ya USB ya kugawanya matundu. Draivu inakula umeme mwingi wakati wa kuchoma, na ikipungukiwa inakata katikati. Kama waya wake una vichwa viwili, chomeka vyote viwili.

1. Shika diski kwa kingo, iweke. Windows ikikuuliza unataka kuitumiaje, ifunge tu hiyo, usikubali ile ya "Like a USB flash drive". Hiyo ndo iliyowaponza wengi, inaiandaa diski kama flashi na deki haiielewi.
2. Fungua ImgBurn, chagua "Write image file to disc".
3. Chagua ISO yako.
4. Kwenye "Write Speed" weka 4x, ikikataa weka 8x. Usiache "MAX".
5. Hakikisha "Verify" ina tiki.
6. Bonyeza kitufe kikubwa, na usiguse laptopu mpaka imalize.

Kwanini 4x wakati diski imeandikwa 16x? Kwa sababu lenzi ya kuchoma ikienda taratibu mara nyingi alama zinatoka zikiwa wazi zaidi, na deki ya miaka kumi yenye lenzi iliyochoka inazisoma. Kwa 4x diski iliyojaa inachukua kama dakika 15. Ni muda mdogo kuliko kupanga foleni stendi kutuma mzigo mara ya pili.

Verify inasoma tena diski nzima na kuilinganisha na ISO. Ikileta makosa, diski hiyo usimpe mtu hata kama inaonekana inacheza. ImgBurn inaifunga diski yenyewe mwishoni, kwa hiyo lile suala la "kufainalaizi" usihangaike nalo, ila ukitumia programu nyingine hakikisha umechagua kuifunga, diski isiyofungwa deki nyingi hazisomi.

Ukifungua diski kwenye kompyuta sasa utaona folda VIDEO_TS yenye VOB na IFO zake, na pengine AUDIO_TS ambayo haina kitu. Ile tupu usishtuke, ndo inavyotakiwa.

## Hatua ya 6: Ijaribu kwenye deki mbili

Laptopu kukubali sio ushahidi. Draivu ya kompyuta inasoma karibu kila kitu. Jaribu kwenye deki yako, halafu kaombe kwa jirani, hasa kama ana deki ya zamani. Angalia dakika za mwanzo, ruka katikati, halafu angalia dakika tano za mwisho bila kuruka, kwa sababu ukingo wa nje ndo unaogoma kwanza.

Ikikataa, soma dalili:

"No Disc" kwenye deki moja, nyingine inacheza. Lenzi ya hiyo deki ni chafu au imechoka. Jaribu diski ya filamu ya dukani, hiyo nayo ikisumbua basi tatizo sio lako. Diski za dukani zikicheza na yako ikagoma, choma tena kwa kasi ndogo kwenye diski ya jina lingine.

"No Disc" kwenye deki zote. Umechoma ISO kama faili badala ya kama picha ya diski. Fungua diski kwenye kompyuta, ukikuta ndani kuna faili moja la .iso ndo hivyo. Rudi hatua ya 5.

Picha nyeusi na nyeupe. Kabla ya kulaumu diski angalia waya wa njano nyuma ya TV, mara nyingi umechomekwa kwenye tundu la kijani. Ukiwa sahihi, basi umetengeneza NTSC.

Picha ipo, sauti hamna. Waya mwekundu na mweupe kwanza, halafu setingi ya sauti ya deki. Diski nyingine zikitoa sauti na yako haitoi, rudi uangalie kama uliweka AC3.

Inaganda mwishoni tu. Umejaza sana au umechoma haraka. Punguza dakika.

Watu wembamba na warefu. Kwenye setingi ya deki kuna sehemu ya umbo la TV, iweke "4:3 LB" kama TV ni ya kichogo, "16:9" kama ni bapa. Tatizo likibaki, kosa liko hatua ya 3.

## Kuandika, kutuma na kutunza

Andika juu ya diski kwa marker, jina la tukio na tarehe, na kama ni mbili andika "1 kati ya 2". Usibandike karatasi ya gundi, inaifanya diski iyumbe ikizunguka, na joto likizidi inaachia ikiwa ndani ya deki. Nimemuona fundi akifungua deki nzima kutoa karatasi.

Ukituma kwa basi weka kwenye kasha gumu, sio bahasha peke yake, na mwambie anayepokea asiiache kwenye jua. Diski ikichafuka ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka, sio kwa kuzungusha, maana mkwaruzo wa kuzunguka unafuata njia ya data na deki haiwezi kuurekebisha.

Kabla hujatuma piga simu uulize kama deki yao ina tundu la USB. Kama lipo, jaribu na ile .mpg ya FFmpeg kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32 (namna mojawapo ya kuiandaa flashi), deki nyingi za namna hiyo zinaicheza, na flashi haikwaruziki. DVD itume hivyohivyo, usiibakize.

Na ile ISO usiifute. Diski za kuchoma zinachoka na miaka, siku hii ikigoma utachoma nyingine ndani ya dakika 15. Ukijaribu kuihamishia kwenye flashi ikakwambia faili ni kubwa mno wakati flashi ni ya GB 32 na iko tupu, ujue flashi ni FAT32, hiyo haipokei faili moja linalozidi GB 4, ifomati iwe exFAT kwanza (inafuta kila kilichomo, kwa hiyo toa vitu vyako) halafu kopi tena. Mimi ya send-off ninayo kwenye hard disk mbili, nyumba mbili tofauti, na mama anayo nakala ya tatu, hii ya sasa haina menyu na inaanza yenyewe.